Zebaki Moja, Kampaundi Nyingi: Kutafuta Majina ya Kemikali katika Kanzidata

Katika machimbo madogo ya dhahabu wilayani Handeni, mchimbaji hutia zebaki katika mchanga uliosagwa ili ishike dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo na zebaki hupaa kuwa mvuke. Huko neno moja latosha. Lakini likiingia katika tangazo la afya, au katika somo la kemia la mwalimu wa Korogwe, halitoshi tena. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi kanzidata ya maktaba, yaani hazina ya data, inavyomsaidia mfasiri kupambanua kampaundi kabla ya kuitaja kwa Kiswahili.

Yapasa kutofautisha mambo matatu. Kwanza ni zebaki yenyewe, ambayo ni elementi (Hg). Pili ni kampaundi zake zisizo na kaboni, kama kloridi ya zebaki (HgCl2). Tatu ni kampaundi ambazo atomu ya metali imeungana moja kwa moja na kaboni, kama methili-zebaki. Hii ya tatu hutengenezwa na bakteria katika matope ya majini, ikajilimbikiza katika samaki. Ndiyo iliyowadhuru watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mfasiri akiandika "zebaki" mahali pa "methili-zebaki", msomaji atajihadhari na mvuke, naye ataendelea kula samaki bila wasiwasi.

Kanzidata hutafutwa kwa njia tatu. Njia ya jina ndiyo dhaifu, kwani kampaundi moja huwa na majina mengi, ya zamani na ya sasa. Njia ya fomula yahitaji kujua utaratibu wa Hill wa mwaka 1900: kaboni hutangulia, hidrojeni hufuata, na elementi nyingine hupangwa kialfabeti. Pasipo kaboni, zote hufuata alfabeti. Kwa hiyo HgCl2 huorodheshwa kama Cl2Hg, na kloridi ya methili-zebaki kama CH3ClHg.

Njia ya tatu ni namba ya usajili ya CAS, iliyoanza kutolewa mwaka 1965. Kloridi ya methili-zebaki ni 115-09-3. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki: zidisha tarakimu nyingine, kuanzia kulia, kwa 1, 2, 3 na kuendelea. Hapa jumla ni 33, nayo huishia na 3. Makosa mengi ya kunakili hugunduliwa hapo hapo.

Asiye na maktaba kubwa karibu naye aweza kutumia PubChem, kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2004 na isiyotozwa ada.

Inapendekezwa basi kwamba kila kadi ya istilahi ya kemikali iwe na jina la Kiswahili, fomula na namba ya usajili. Majina yaweza kusanifiwa upya. Namba itamwonyesha msomaji kitu kilichokusudiwa.