Machakos Ilivyoonekana kutoka Angani

Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika kwamba Machakos, wilaya ya Wakamba nchini Kenya, ilikuwa ikigeuka jangwa la mawe na mchanga, na lawama akawatupia wenyeji. Mwaka uliofuata serikali ikakamata ng'ombe wa Wakamba ili kupunguza mifugo. Maelfu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu.

Kisha zikaja ndege za kupiga picha: 1948, 1961, 1978. Kazi hiyo hufanywa kwa mistari iliyonyooka, kamera ikitazama chini wima, na kila picha hurudia takriban asilimia 60 ya eneo la picha iliyotangulia. Ukizitazama mbili kwa stereoskopu, kila jicho na yake, vilima huinuka na makorongo huzama. Hapo ndipo matuta yaliyokatwa miteremkoni yanapojitokeza, mstari juu ya mstari.

Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walizilinganisha picha hizo, na mwaka 1994 wakachapisha matokeo. Kati ya 1932 na 1989 watu waliongezeka kutoka kama 240,000 hadi milioni 1.4. Vichaka vilipungua na mashamba yakatanuka, kama ilivyotarajiwa. Lakini miteremko iliyokuwa ikimomonyoka ilikuwa imekatwa matuta, na miti ilikuwa imepandwa ndani ya mashamba. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito: wingi wa watu peke yake hauiangamizi ardhi.

Tuta lililoenea zaidi ni la fanya juu. Mkulima huchimba mtaro unaokatiza mteremko na kuutupa udongo upande wa juu. Mvua ikinyesha, maji hutuama na udongo huzuiwa na ukingo. Mwaka hadi mwaka shamba hujisawazisha lenyewe. Katika nchi ambayo mvua za masika na za vuli hukosekana mara kwa mara, maji yaliyobaki shambani ndiyo mavuno.

Kamera, hata hivyo, haikuweza kueleza sababu. Ilibidi watafiti wakae na wazee vijijini. Waliambiwa kwamba matuta membamba ya kazi za lazima yalichukiwa na mengi yakaachwa yabomoke. Yaliyodumu mengi yalichimbwa kwa hiari na vikundi vya kusaidiana kazi viitwavyo mwethya, ambamo wanawake walikuwa wengi, baada ya kahawa na soko la Nairobi kulifanya jasho la jembe liwe na malipo.