Vitu vya Jeshi: Kipi Kikae Nyumbani, Kipi Kirudi Stoo

Wewe uliyemaliza kazi ya jeshi na kurudi Kisii au Nyamira kulima, habari hii yakuhusu. Tena yamhusu mama watoto, maana yeye ndiye atakayeulizwa siku moja vitu viliwekwa wapi.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari wa King's African Rifles walirudi makwao. Wengine walitoka Burma, ambako mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua na matope. Kabuti la sufu, buti na turubai vilikuwa mali kwa mtu wa milima hii yetu, kwa kuwa huku mvua haina msimu mmoja na asubuhi ni baridi. Hata mtungi wa plastiki wa lita 20 tunaotekea maji umerithi umbo la jerikeni ya chuma ya vita hivyo. Wajerumani waliibuni, Waingereza wakaiiga.

Basi leo yafaa kuweka nini? Kwanza ifahamu sheria. Sare haiwi mali yako kwa sababu uliivaa miaka 20. Raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi bila ruhusa, wala nguo inayofanana nayo, hata likiwa koti kuukuu la kuchumia chai. Irudishe stoo. Na kwa kila kitu ulichoruhusiwa kubaki nacho, omba karatasi yenye sahihi. Usimpe kijana wako jaketi la madoadoa aende nalo sokoni Keroka. Atakayekamatwa ni yeye.

Buti za ngozi, kama umeachiwa, zitunze. Zikilowa usizianike karibu na moto, ngozi itapasuka. Zijaze magazeti makavu, kisha zipake mafuta. Lakini usizivae ukinyunyiza dawa ya wadudu, kwa kuwa ngozi hunywa dawa. Kazi hiyo yataka buti za mpira.

Turubai, liwe la jeshi au la dukani, lina faida kubwa kuliko kulalia. Anika mahindi juu yake, si juu ya udongo, maana udongoni mna ukungu uletao sumukuvu. Yakauke hata unyevu usizidi asilimia 13.5 ndipo uyatie ghalani.

Sasa kile ambacho wengi hukitupa: cheti cha kumaliza kazi, chenye nambari yako ya jeshi. Hakizuii mvua, lakini mjane akienda kudai pensheni ya marehemu bila karatasi atazungushwa ofisi hata ofisi. Kitie katika mfuko wa plastiki, mbali na mchwa na moshi wa jikoni. Toa nakala mbili, moja ikae kwa ndugu. Kisha mwonyeshe mama watoto sanduku lilipo, na ufunguo unapowekwa.