Je, Wajua? Si Kila Chango ni Chango

Msichana wa miaka 22 amejikunja kitandani, chupa ya maji ya moto tumboni. Anaambiwa ni chango la hedhi, ukizaa litaisha. Mkojo umepimwa, safi, altrasaundi, safi. Anarudi nyumbani na panadoli, na shaka kwamba labda anajidekeza tu.

Je, wajua kwamba picha safi si ushahidi wa uzima? Katika ugonjwa uitwao endometriosisi, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mfuko, hata kwenye utumbo. Vidoa vyake vyaweza kuwa vidogo hata altrasaundi ya kawaida isivione, na ukali wa maumivu haulingani na wingi wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria wagonjwa milioni 190, takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Wengi hukaa miaka bila kujua kinachowauma.

Na hilo la kuzaa? Ujauzito waweza kutuliza dalili kwa muda, hauponyi. Ukienda kwa daktari, beba daftari: tarehe, mahali panapouma, kama unaumia ukienda haja kubwa au wakati wa tendo la ndoa. Hilo la mwisho wengi huona aibu kulitaja.