Majina ya Mungu

Siku moja, katika shule yetu karibu na Moshi, niliwaagiza wanafunzi wachore mlima Kilimanjaro. Wote waliweka kilele cha Mawenzi upande wa kuume wa Kibo, ila mtoto mmoja aliyetoka Loitokitok. Yeye aliweka Mawenzi upande wa kushoto. Wenziwe wakamcheka, wakasema, "Huyu hata mlima haujui!" Mtoto akaanza kufuta kazi yake.

Nikawanyamazisha. Mtu akiwa Moshi huutazama mlima akielekea kaskazini, na Mawenzi, ulio mashariki ya Kibo, huwa kuumeni kwake. Akiwa Loitokitok huelekea kusini, na Mawenzi huwa kushotoni. Mlima haukuhama; atazamaye ndiye aliyesimama mahali pengine.

Jioni ile mwanafunzi mwingine alinijia peke yake. Akaniuliza, "Mwalimu, bibi yangu alimwomba Ruwa kila alfajiri, akafa kabla ya kubatizwa. Je, alimwomba mungu mwingine?" Niliona ya kuwa swali hilo limemlemea siku nyingi. Nikamketisha, nikamjibu hivi:

"Ruwa ni jina la Mungu kwa Kichaga, nalo lina asili moja na neno la jua. Jina hilo latukumbusha yeye aangazaye watu wote, wala mkono wa mtu haumfikii. Wakristo wa Uchagani hawakulitupa; wasalipo kwa lugha yao humwita Mungu Ruwa. Wamasai husema Enkai, na neno lilo hilo ni mvua. Mfugaji ajuaye kiangazi aelewa vema rehema iliyo ndani ya jina hilo. Waganda husema Katonda, maana yake Muumba. Hata neno letu Mungu halikuletwa kwa merikebu. Vitabu vya zamani viliandika Muungu, nalo ni ndugu wa Mulungu, jina litumiwalo na Wayao na makabila mengine. Wamisionari walilikuta kinywani mwa watu."

Akauliza, "Basi kila lisemwalo juu ya Mungu ni kweli?"

Nikasema, "La. Atakayesema ya kuwa Mawenzi umepita Kibo kwa urefu amekosa, asimame po pote. Maana Kibo ni mita 5,895, na Mawenzi ni mita 5,149. Hatuna budi kupima maneno. Lakini kukosa ni jambo moja, na kuona upande mmoja ni jambo jingine. Nami nilipokuwa mtoto nilimdhani Mungu kuwa kama mwalimu mwenye fimbo, ahesabuye makosa tu. Ndugu yangu mdogo alipokufa, nilidhani ameuawa kwa sababu ya uongo wangu. Nilikaa na hofu hiyo miaka mingi, mpaka nilipomsikia mama akimshukuru Mungu kwa siku zile chache alizompa mtoto yule. Hapo nikatambua ya kuwa nilikuwa nimesimama mahali pamoja tu."

"Na bibi yangu?" akauliza tena.

"Hukumu si yangu, mwanangu, wala si yako. Lakini Mungu hahitaji kufundishwa jina lake ndipo ajue ni nani amwitaye."

Akaondoka bila kunena neno, ila asubuhi yake alikaa karibu na yule mtoto wa Loitokitok, akamwuliza jinsi watu wa kwao wanavyosali.

Enyi vijana, fanyeni vivyo hivyo. Waulizeni wazee majina ya Mungu katika lugha zenu, nao waliomba nini, na walishukuru kwa lipi. Mkisikia neno geni, msicheke upesi. Ulizeni kwanza msemaji amesimama wapi.

Maswali
1. Kwa nini picha zote mbili za mlima zilikuwa sawa?
2. Jina Enkai latufundisha nini?
3. Mwalimu alikosa nini alipokuwa mtoto?