Sanduku la Nkoaranga

Juma lililopita nilikuwa Nkoaranga, na mzee mmoja akanifungulia sanduku la mbao la marehemu baba yake. Ndani zilikuwamo stakabadhi za michango ya Wameru, fedha zilizomsafirisha Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, kulalamikia kufukuzwa kwao Engare Nanyuki mwaka uliotangulia. Mchwa wameanza kuzila.

Nani hutunza vitu kama hivi? Mwaka 1936 lilianza jarida la Tanganyika Notes and Records. Waandishi wake wengi walikuwa maofisa wa kikoloni, wakituandika sisi. Baada ya Uhuru kikaja Chama cha Historia cha Tanzania, na mwaka 1969 Kimambo na Temu wakakihaririia kitabu cha historia ya nchi, safari hii Mwafrika akiwa katikati. Kirilo mwenyewe, pamoja na wakili Earle Seaton, alikwisha kuchapisha habari za kesi ile mwaka 1967.

Lakini shughuli hizo zilikaa Dar es Salaam (kilometa 600 na ushei kutoka hapa!) na vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza. Nikamwuliza mzee kama amewahi kukisoma cha Kirilo. Akacheka, akafunga sanduku, akaniuliza kama mjini kuna dawa nzuri ya mchwa.