Mbona apu imeleta apdeti Desemba na tulisema tumefunga?

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Desemba hadi karo za Januari zilipwe, hatuongezi kitu kipya kwenye apu. Huu ndio msimu wa kutuma pesa ushago na foleni za dukani. Badiliko dogo likikwama, wewe ndiye unabaki umesimama kaunta.

Halafu simu inakuambia kuna toleo jipya. Tumekudanganya? La.

Hakuna kampuni inayoandika apu yake yote. Ndani mna vipande vilivyoandikwa na watu wengine, vingi vikiwa programu huria, yaani kazi ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuitumia na kuirekebisha. Ni kama mandazi: umekanda mwenyewe, lakini unga hukusaga.

Sasa, unga ukiwa na shida? Desemba 2021 dunia iliona. Log4j, programu huria ya shirika la Apache ambayo kazi yake ni kuandika kumbukumbu za yanayotokea ndani ya mitambo, iligundulika kuwa na mwanya mbaya sana. Mtu alihitaji tu kutuma maneno fulani. Mtambo ukiyaandika, ungeweza kuchukua maagizo ya mwizi na kuyatekeleza. Ukali wake ulipewa 10 kwa 10. Wengi hawakujua hata kama wanayo, kwa sababu ilikuja imefungwa ndani ya programu nyingine. Na rekebisho la kwanza, 2.15.0, halikutosha. Kabla mwaka kuisha zilikuwa zimetoka pia 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1.

Ndiyo maana kufunga kwetu kuna mlango mmoja. Kipande cha wengine hakibadilishwi Desemba eti kwa sababu kimetoka kipya. Kinabadilishwa kikiwa na mwanya unaoweza kugusa pesa au taarifa zako, tena tunachukua rekebisho hilo pekee, tunalijaribu, mengine yanangoja Januari. Mara nyingi tunafanyia kwenye mitambo yetu na huoni chochote. Kipande kikiwa ndani ya apu yenyewe, hapo ndipo unaona apdeti.

Kwa hivyo ikija Desemba, usiiahirishe. Ichukue Google Play au App Store, si kwa linki ya SMS. Na anayekupigia akitaka PIN ndio “akuapdetie” apu, huyo hatoki kwetu. Kata simu.