Nyundo, Sikio na Tanakali: Ukarabati wa Land Rover Kuukuu katika Gereji ya Mathare

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotajiwa tanakali za sauti, aghalabu hukumbuka orodha aliyoikariri shuleni: anguka pu, tumbukia majini chubwi, nyamaza jii. Tanakali hizo hufunzwa kama mapambo ya insha na mtahiniwa huzitumia ili aongezewe alama. Makala haya yananuia kuonyesha mahali ambapo tanakali si pambo bali ni kipimo, na anayekosea kuisikia hujitia hasarani. Mahali hapo ni gereji ya jua kali mtaani Mathare, jijini Nairobi, ambako gari aina ya Land Rover lililoundwa katika miaka ya 1970 limekuwa likikarabatiwa kidogo kidogo tangu mwaka 2003.

Gari lenyewe ni la mjomba wangu. Alilinunua mnadani mwaka 1999 likiwa limekwisha kustaafishwa, na mimi nimekua nikiliona juu ya mawe likiwa halina magurudumu. Nimelichagua kwa kuwa ndilo ninalolijua tangu utotoni. Tutaanza kwa kudokeza asili ya gari hili, kisha tutafafanua jinsi linavyokarabatiwa, na hatimaye tutaitazama lugha inayoiwezesha kazi hiyo.

Asili ya gari na sura yake machoni pa Mathare

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Aliyeibuni ni Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza. Wakati huo, baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, chuma kiligawiwa kwa kipimo nchini humo ilhali alumini iliyokuwa ikiundiwa ndege za kivita ilipatikana kwa wingi. Kwa sababu hiyo, gari hili lilipewa kiunzi cha chuma, yaani chesisi, lakini likavishwa bodi ya mchanganyiko wa alumini. Tutaona punde kwamba uamuzi huo wa wakati wa dhiki ndio unaowashughulisha mafundi hadi leo.

Toleo la kwanza liliundwa kati ya 1948 na 1958, la pili hadi 1971, na la tatu hadi 1985. La mjomba ni la toleo la tatu. Mtu asiye fundi anaweza kulitambua kwa wavu wa mbele ambao ni wa plastiki, ilhali matoleo yaliyotangulia yalikuwa na wavu wa chuma. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland kilianzishwa mjini Thika, na Land Rover zikawa miongoni mwa magari yaliyounganishwa humo.

Kwingineko nchini, gari hili lilihusishwa na watafiti, wahifadhi wa wanyamapori na maafisa wa tawala za mikoa. Mathare ililijua kwa sura nyingine. Kabla ya Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 kuihalalisha chang'aa chini ya masharti, misako ya pombe hiyo ilikuwa jambo la kawaida bondeni, na Land Rover ilikuwa mojawapo ya magari yaliyotumiwa. Gari la polisi la kubebea washukiwa liliitwa mariamu, na kumtajia mtu jina hilo kulitosha kumfanya akunje jamvi. Mama yangu husema kwamba mjomba alipolileta gari lake nyumbani mara ya kwanza, majirani wawili walifunga milango.

Chesisi: kikulacho ki nguoni mwako

Kazi ya ukarabati huanzia chini. Chesisi ya Land Rover imeundwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakawa kama mirija ya pembe nne. Matope na maji huingia ndani ya mirija hiyo na kutuama, kisha kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Kwa nje rangi huweza kuonekana nzima kabisa, kumbe ndani chuma kimebaki unene wa karatasi. Sijapata kuona mfano bora zaidi wa methali isemayo kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa kuwa jicho halioni ndani, fundi hutumia nyundo ndogo na sikio. Hugonga chesisi hatua kwa hatua, kutoka mbele hadi nyuma, huku akitamka kinachosemwa na chuma. Chuma kizima husema ngii. Kilichopungua lakini bado kinavumilia husema ko. Kilichooza husema pu, na mahali hapo hutiwa alama ya chaki ili pakatwe. Mwanagenzi haambiwi unene wa bamba kwa milimita, huambiwa, "Ikisema ko, ngoja. Ikisema pu, kata mpaka uifikie ngii." Agizo hilo lina maana ya kiufundi. Bamba jipya likichomelewa juu ya chuma kilichooza, moto hukitoboa, na hata likishika, kiungo hakitadumu. Ni sharti kukata hadi kwenye chuma kizima.

Kabla ya kukata, fundi hupima kwa uzi kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, kisha hurudia kwa pembe mbili zilizobaki. Nyuzi hizo mbili zikitofautiana urefu, chesisi imepinda. Gari la chesisi iliyopinda hukimbia upande na kula tairi hata likipakwa rangi ya dhahabu.

Bodi na injini

Wengi hudhani kuwa kwa vile alumini haishiki kutu, bodi ya Land Rover haiharibiki. La hasha. Mahali alumini inapogusana na chuma na unyevu ukaingia kati yao, hutokea mkondo mdogo wa umeme unaoifanya alumini iliwe na kugeuka ungaunga mweupe. Kwa hivyo fundi anapoirudisha bodi juu ya chesisi huweka rangi au kipande cha mpira kati ya metali hizo mbili ili zisigusane.

Kunyoosha alumini iliyobonyea nako kuna siri yake. Alumini ikigongwa sana huwa ngumu na kupasuka. Lazima ilainishwe kwa moto. Lakini tofauti na chuma, alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, hivyo macho hayawezi kumwonya fundi. Hila inayotumiwa ni kupaka sabuni ya kipande juu ya bamba na kulipasha moto polepole. Sabuni ikigeuka nyeusi, joto limetosha. Bamba huachwa lipoe, kisha hunyooshwa taratibu. Palipochanika hutiwa kiraka kwa ribiti, kwa kuwa kuchomelea alumini huhitaji mtambo wenye gesi maalumu ambao gereji nyingi za jua kali hazina.

Injini ya petroli ya gari la mjomba ni ya lita 2.25. Injini nyingi za zama hizo ziliundwa kwa petroli yenye madini ya risasi, ambayo pamoja na mambo mengine ilikinga vikalio vya valvu visilike. Kenya iliachana na petroli hiyo mwaka 2006. Tangu hapo, mwenye injini ya kale huweza kulazimika kuvitoa vikalio vya asili na kutia vigumu zaidi, kazi inayofanywa kwa mashine za kukereza vyuma.

Kukarabati au kugeuza?

Lipo suala linalozua mjadala miongoni mwa wapenzi wa magari ya kale: je, lengo ni kulirejesha gari lilivyokuwa au kulifanya lifae kwa matumizi ya sasa? Kenya ina majukwaa mawili yanayowakilisha misimamo hii. Katika mashindano ya Concours d'Elegance ambayo hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, magari hupimwa kwa usafi na namna yalivyotunzwa. Katika Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangia ujenzi wa ua wa umeme wa kuhifadhi msitu wa Aberdare, magari hugeuzwa kwa kila hali ili yaweze kupita mabondeni na majabalini.

Mathare haina nafasi ya kuchagua msimamo mmoja. Kipuri cha asili kikipatikana katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, hununuliwa fedha zikiwapo. Kisipopatikana, huundwa. Kifuniko cha alumini kilichovunjika huweza kupelekwa Kariobangi Light Industries, ambako mafundi huyeyusha alumini kuukuu na kuimimina katika kalibu za mchanga. Wenye magari kama haya wengi huondoa injini ya asili na kutia ya dizeli ya Isuzu au Toyota, kwa kuwa vipuri vyake ni rahisi kupata. Mjomba alikataa kubadilisha injini, lakini alikubali viti vya matatu. Kwa hivyo gari lake ni la kale kwa injini na la kisasa kwa makalio, kama anavyopenda kusema.

Aidha, hali hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kazi imechukua zaidi ya miaka 20. Chesisi ilikamilika mwaka 2007. Injini ilishushwa 2010 na kurudishwa 2013, baada ya binamu yangu kumaliza shule ya upili na karo kupungua. Bodi ilianza 2016. Kila hatua ilingoja mshahara, na kila kungoja kuliipa kutu nafasi ya kurudi.

Lugha ya gereji

Tukirejea kwenye lugha, tunaona kwamba gereji hii ina tabaka kadhaa za msamiati. Lipo tabaka la maneno yaliyotoholewa kutoka Kiingereza: gia, klachi, breki, spana, jeki, bushi, nati, bolti. Lipo la maneno ya kale yaliyopewa kazi mpya. Usukani, kwa mfano, ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa gari, na neno gari lenyewe lilitujia kutoka lugha za Bara Hindi. Vilevile lipo tabaka la vitenzi vinavyolichukulia gari kuwa kiumbe: injini hula oili, huchemka, hukohoa na hupumua, betri hufa.

Hata hivyo, tabaka linalostahili kuchunguzwa zaidi ni lile la tanakali. Neno klachi laweza kuingizwa kamusini na msomaji akalielewa. Ngii, ko na pu haziwezi kufafanuliwa kikamilifu kwa maandishi. Maana yake imo katika nyundo, chuma na sikio lililozoezwa. Ni istilahi kwa maana kamili ya neno hilo, kwani kila moja ina maana moja mahususi na huelekeza tendo moja mahususi. Lakini ni istilahi zisizotengana na mwili wa anayezitumia.

Hapo ndipo penye tatizo. Fundi aliyelishughulikia gari la mjomba tangu 2003 sasa ni mzee wa zaidi ya miaka 70. Miaka mingi ya kugonga chuma bila vizibo vya masikio imemdhuru. Mwaka jana tuligundua kutu mpya upande wa nyuma wa chesisi. Alinikabidhi nyundo.

"Gonga, mwalimu." Huniita mwalimu kwa sababu ya masomo yangu.

Niligonga.

"Imesema nini?"

"Imesema ngii, Mzee."

Aliweka kiganja chake juu ya chuma, akaniamuru nigonge tena, akatikisa kichwa. "Hiyo ni ko. Mimi siisikii, lakini naihisi. Wewe unaisikia na huijui."

Mwanagenzi wake, kijana wa miaka 19, aligonga mahali pale pale na kusema bila kusita, "Ko." Baada ya kupanguswa rangi, bamba lilikutwa limeliwa karibu nusu ya unene wake. Mimi niliyefunzwa fonetiki kwa miaka kadhaa nilikuwa nimekosea kwa sauti moja, na kosa hilo lingemfanya mjomba aingie barabarani na chesisi ya kuvunjika.

Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi chesisi, bodi na injini ya Land Rover kuukuu zinavyokarabatiwa, na yameonyesha kuwa kazi hiyo huongozwa na lugha ambayo haijaandikwa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipolikumba bonde la Mto Mathare, maji yalifika gerejini na kuchukua sanduku la vipuri pamoja na daftari ambamo Mzee alikuwa akichora michoro ya chesisi. Vipuri vilitafutwa vingine. Michoro ililazimika kuchorwa upya kwa kumbukumbu.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunafahamu kwamba sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka wa Mombasa imetufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor waliyakusanya wakati waliyoyakumbuka wangali hai. Nina imani kwamba ukusanyaji wa namna hiyo unahitajika magerejini. Napendekeza kwamba wanachama wetu wanaofanya utafiti nyanjani wasitosheke na kuorodhesha maneno ya mafundi. Wachukue kinasa sauti, waandike ni chuma gani kilichogongwa na unene wake, kisha waandike tanakali iliyotamkwa na fundi pamoja na mwanagenzi. Kazi kama hiyo haiwezi kukamilishwa na mtu aliyekaa maktabani.

Mimi nimeianza. Kila Jumamosi naenda Mathare na kinasa sauti, na kabla ya kukifungua, Mzee hunipa nyundo kwanza. Kwa sasa napatia mara saba katika kumi. Anasema sitaruhusiwa kuandika hadi nifike kumi.